Yaya wa kulala ndani au deikea mtaani: ipi ina kesho?

Dada wa Umoja: Habari zenu. Mdogo wangu ameitiwa kazi ya yaya wa kulala ndani Kilimani, Nairobi, sh 12,000 kwa mwezi. Jirani wa Kayole naye anataka wafungue deikea, yaani kituo cha kulea watoto mchana, pamoja nyumbani kwa huyo jirani. Ipi inalipa, na aangalie nini kabla hajakubali?

Mtetezi: Hiyo 12,000 haifikii kima cha sheria. Agizo la mishahara la 2024 liliweka kima cha chini cha yaya Nairobi kuwa sh 16,113.75 kwa mwezi. Akilala ndani hadai marupurupu ya nyumba, lakini mshahara wa msingi haushuki eti kwa sababu anakula kwa mwajiri. Adai mkataba wa maandishi, siku moja ya kupumzika kila wiki na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Kinachosahaulika ni usiku: iandikwe nani anaamka mtoto akilia saa nane, la sivyo kazi haina mwisho. Alipwe kwa M-Pesa, ndiyo ushahidi kukizuka mzozo. Chama cha kutetea wafanyakazi wa nyumbani ni KUDHEIHA, ajiunge mapema.

Mama Deikea: Kwa deikea, hesabu kwanza. Tuseme watoto 10 kwa sh 100, siku 24: ni 24,000. Toa kodi 7,000, unga na gesi 5,000, maji na sabuni 2,000. Inabaki 10,000, na wako wawili! Wasijaribu kuziba pengo kwa kujaza wachanga. Mlezi mmoja asishike zaidi ya watatu. Wachukue zaidi wa miaka 2 hadi 4. Wazazi wengi ni wa vibarua, kazi ikikosekana mtoto haletwi, kwa hiyo walipe wiki nzima kila Jumatatu. Anayechelewa kumchukua mtoto aongeze pesa.

Dada wa Umoja: Na mtoto akija na homa?

Mama Deikea: Arudi na mzazi palepale mlangoni. Akihara mmoja, chumba kizima kinaambukizwa. Beseni la nepi likae mbali na jiko, mikono ioshwe kwa sabuni kila akibadilishwa mtoto. Dawa isipokelewe bila jina la mtoto na saa ya kumpa.

Mtetezi: Vituo vya malezi viko chini ya kaunti, kwa hiyo waulizie kibali kabla ya kulipa kodi. Mimi ningemwambia aende Kilimani wakifikisha kima cha chini cha sheria, na siku yake ya mapumziko asomee huduma ya kwanza ya watoto. Wakikataa, asiende.