Duka la saa hapa Tanga limemrudishia mama saa ya almasi ikiwa na vioo, na mwezi wake umekwama

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Duka moja la saa na vito hapa Tanga mjini, lenye kiyoyozi na mlinzi mlangoni, limeharibu saa ya mama yangu, limeibadilishia mawe, kisha limemtoza hela ya betri. Saa ya mama haina betri. Haijawahi kuwa na betri. Ni saa ya kujaza kwa mkono, na risiti iliyoandikwa "saa ya kike, kubadilisha betri" ninayo.

Ni saa ya Uswisi, dhahabu ya karati 18, muhuri wa 750 uko nyuma. Almasi ndogondogo zimezunguka uso wote, na upande wa chini kuna kidirisha cha mwezi na nyota. Marehemu baba alikuwa injinia wa meli, akamnunulia Dubai enzi zile akipata mshahara wa dola. Mama haivai kwenda sokoni. Anaivaa kwenye harusi na Iddi, na kila asubuhi anaijaza hata kama hatoki. Ilipoanza kuchelewa akaipeleka isafishwe na kutiwa mafuta. Basi, hakuomba kingine.

Aliyegundua tatizo la kwanza ni yeye mwenyewe. Mbalamwezi imetanda Raskazone yote, mwezi kumi na tano huo, saa inaonyesha giza. Akadhani imepotea hesabu kidogo, akasubiri. Siku zikapita, mwezi wa saa haukusogea hata kidogo. Tukarudi dukani. Kijana wa kaunta, bila kunyanyua macho kwenye simu yake, akamjibu: "Bimkubwa, huo mwezi ni urembo tu. Si inasoma masaa?"

Urembo! Nyuma ya kidirisha kile kuna kisahani chenye miezi miwili iliyochorwa, na ukingoni kina meno 59. Kila siku mashine inakisukuma jino moja. Mwezi wa angani unakamilisha mzunguko kwa siku 29 na nusu hivi, mara mbili ni 59, ndiyo maana. Kwa hakika mzunguko ni siku 29, saa 12 na dakika 44, kwa hiyo zile dakika 44 zinajilimbikiza na saa inakosea siku nzima baada ya miaka 2 na miezi 7 au zaidi kidogo. Zipo saa za daraja la juu zaidi, gurudumu lake lina meno 135, ambazo hukosea siku moja kwa miaka 122. Watu wamekaa wakapiga hesabu hizo, wakazibana ndani ya kitu kidogo kuliko kifuniko cha soda, halafu unakuja kumwambia mama wa watu ni urembo?

Na unamwambia hivyo Tanga. Mji ambao wavuvi wa dagaa wanatoka na taa kwenye giza na kupumzika mbalamwezi ikijaa, kila mtoto wa pwani anajua bamvua na maji mafu, yaani bahari kujaa sana au kidogo kwa kufuata mwezi, na Shaabani ikiisha watu wako nje wanatazama magharibi. (Mama hafungi kwa kutazama saa, mwezi unaandama kwa macho. Lakini alizoea kulinganisha, na ilikuwa furaha yake na baba.)

Tulimpelekea mzee mmoja aliyekuwa fundi wa saa za kujaza, sasa amestaafu. Alipofungua tu akaguna. Jino limepinda. Pembeni ya saa kuna kitufe kidogo sana cha kurekebisha mwezi, unakibonyeza kwa kijiti maalumu, na hakiguswi wakati mashine yenyewe inasukuma kisahani. Kwa aina nyingi za saa hizi ni kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, na hapo wanakusudia usiku wa mishale, siyo wa nje. Saa iliyosimama inaweza kuwa na mishale ya usiku wa manane wakati duka limejaa jua. Fundi anayejua kazi anasogeza mishale kwanza. Wao walibonyeza kwa nguvu.

Sasa almasi, na hapa ndipo uharibifu unapogeuka wizi. Ninazo picha nilizopiga kwenye harusi ya mdogo wangu, mkono wa mama uko karibu kabisa na kamera. Idadi ya mawe kwenye picha na kwenye saa ni ile ile. Lakini sonara alipopitisha kipimo cha joto, kile kinacholia kikigusa almasi, mawe sita yaliyofuatana upande wa saa tisa hayakuita. Kipimo kile kinaweza kudanganywa na moissanite, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, likaita kama almasi. Lakini jiwe lisiloita kabisa si almasi. Kwenye lenzi ya mara kumi kingo za hayo sita zimeshaanza kulika, almasi hailiki hivyo, na chini yake kuna gundi. Saa ya aina hii haibandikwi mawe kwa gundi, kila jiwe linashikwa na vikucha vya dhahabu. Vya hayo sita vimenyanyuliwa, mikwaruzo inaonekana.

Mwenye duka akasema labda "yalidondoka yenyewe". Haya, yako wapi? Jiwe likidondoka kwa fundi mwaminifu linatiwa kwenye kikaratasi na kurudishwa kwa mwenyewe. Akaongeza kwamba almasi ndogo hivyo hazina bei. Nchi hii ndiyo ilitoa almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui mwaka 1947, karati 54.5 kabla ya kuchongwa, ikaenda kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Leo tufundishwe almasi ipi haina bei! Kama hazina bei mlizing'oa za nini?

Na mama aliomba siku ile ile ya kuipeleka saa, mbele yangu, idadi ya almasi iandikwe kwenye risiti. Wakasema fomu haina nafasi hiyo. Nimeelewa sasa kwa nini haina.

Jina la duka sijaliweka kwa sababu wamepewa barua na wana hadi Ijumaa. Tunachotaka ni almasi sita zirudi, gharama ya jino hilo walipe wao, na hela ya betri irudi. Ijumaa ikipita, faili linafunguliwa polisi la wizi wa kuaminiwa, na malalamiko yanakwenda Tume ya Ushindani.

Mwenye kumfahamu fundi wa Dar au Arusha aliyewahi kufungua saa ya mwezi, na si kusikia tu habari zake, anitumie ujumbe wa faragha. Na mwenye saa iliyopita kwenye duka la aina hii karibuni, kaipimishe mawe wiki hii.