Simu inatuletea minofu, mapanki yamebaki Mwanza

Kutoka Würzburg, Ujerumani

Ndugu zangu, mwangaluka.

Ninaandika kutoka Würzburg, mji uliofunga udugu na Mwanza tangu mwaka 1966, ambako nimeishi kwa miaka tisa. Kwa muda wote huo nimeamini kwamba simu yangu inatosha kunitibu ugonjwa wa kukumbuka nyumbani. Bongo Fleva mpya naipata siku inayotoka, vichekesho navitazama kabla havijapoa, na matokeo ya Pamba Jiji mara nyingi nayafahamu kabla ya baba yangu mdogo anayeishi Kirumba, hatua chache kutoka uwanjani, kwa sababu yeye hununua bando la siku na mimi nina intaneti ya mwezi mzima. Pamba ilipopanda tena Ligi Kuu mwaka 2024, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kuhangaika madaraja ya chini, mimi ndiye niliyempigia kumpa habari. Nilipokata simu nyumba ilikuwa kimya, na furaha ile sikuwa na pa kuipeleka.

Katika duka la vyakula la mtaani kwangu huuzwa minofu ya samaki anayeitwa Victoriabarsch, ambaye ni sangara wetu. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka samaki wa maji baridi aandikiwe ziwa au mto alikovuliwa pamoja na nchi, kwa hiyo nikisoma lebo nalikuta Ziwa Victoria limeandikwa kwa herufi ndogo mno. Mnofu wenyewe umesafishwa, hauna ngozi wala kichwa, na hata harufu imeondolewa. Mapanki, yale mafuvu na mifupa yenye nyama iliyosalia ambayo sisi tuliyakaanga na kuyamenya kwa vidole huku tukibishana, hayakupanda ndege. (Wenyeji wangu wenye umri wa kutosha, wakisikia natoka Mwanza, hunitajia ile filamu ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyoyaonyesha mapanki hayo kwa namna ya kutia huruma. Huwajibu kwamba umaskini ule ulikuwepo kweli, lakini mji uliouzunguka sikuuona mle ndani.) Siku moja nikiwa na pakiti hiyo mkononi ndipo nilipoelewa kwamba simu nayo inanifanyia vivyo hivyo: inaniletea minofu ya Mwanza.

Nilikulia Mabatini, katika nyumba iliyojengwa juu ya mawe, na wanaozijua nyumba zile wanafahamu kwamba sauti hushuka nazo kama maji ya mvua. Jirani wa juu akiwasha Radio Free Africa, nyumba zote za chini yake zilisikiliza Radio Free Africa, zitake zisitake. Tulisikia kipindi cha salamu, tukasikia rhumba ya wazee, tukasikia taarifa ya habari, kisha tukasikia mama mmoja akimkaripia mtoto juu ya wimbo ambao wote tulikuwa tunausubiri. Hakuna aliyechagua. Mimi leo nachagua kila kitu, na mashine hunichagulia kinachofanana na nilichochagua jana, ndiyo maana ninausikia wimbo na sisikii mtaa.

Kwa wanaotaka jambo la kufanya, haya ndiyo niliyojaribu. Nimenunua spika ndogo na kuacha kutumia orodha zangu za nyimbo siku za katikati ya wiki. Nikirudi kazini nafungua redio ya nyumbani kupitia intaneti, moja kwa moja, siyo vipindi vilivyohifadhiwa, na naiacha iseme hata inapotangaza mbolea au msiba wa mtu nisiyemfahamu. Matangazo ya asubuhi nimeyasamehe, kwa kuwa saa kumi na mbili alfajiri ya Mwanza ni saa kumi ya usiku hapa wakati wa baridi, na saa kumi na moja wakati wa kiangazi. Jambo la kuchekesha ni kwamba kila kaya ya Ujerumani hulipa euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni za umma, usikilize usisikilize, hivyo mimi nalipia redio ya hapa na kusikiliza ya kwetu. Mkifanya hivi kumbukeni saa za ukimya: baada ya saa nne usiku, na Jumapili nzima, sauti isivuke ukuta. Jirani yangu aliwahi kunibandikia karatasi mlangoni yenye adabu nyingi na hasira nyingi zaidi.

Lipo jambo moja linalonitatiza. Mwanangu wa miaka saba aliniuliza kama Nyegezi ni mahali pa kweli. Alikuwa ameusikia ule wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz wenye jina la mji wetu na unaotaja Nyegezi kwa mzaha, uliofungiwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) mwezi Novemba 2018, na kwa umri wake alikuwa amefahamu tu kwamba watu wazima hucheka neno hilo likitajwa. Nilimweleza kwamba Nyegezi ni mahali penye stendi kubwa ya mabasi, ambapo bibi yake alinisindikiza akiwa na chungwa moja mkononi. Hakuvutiwa hata kidogo. Rayvanny mwenyewe ni kijana wa Mbeya, na mimi niliye wa Mwanza nashindwa kushindana naye mbele ya mtoto wangu. Fid Q, rapa ambaye ni wa kwetu hasa, nimempigia mtoto akasinzia. Wazazi wenzangu mnafanyaje?

Wenu, mtoto wa Mabatini.

Kutoka Tampere, Finland

Kaka wa Würzburg, shikamoo. Na kama umri wangu umekuzidi, basi nirudishie.

Nimesoma barua yako nikiwa natazama ziwa ambalo watu wanatembea juu yake. Tampere nao ni mji rafiki wa Mwanza, umekaa katikati ya maziwa mawili, na wakati wa baridi maji huganda hadi wazee wanakaa juu yake kwenye viti, wametoboa tundu, wanavua. Nilipomsimulia mama yangu wa Igombe, ambaye ameuza samaki maisha yake yote, alinyamaza kidogo kisha akauliza mtumbwi wanaufunga wapi.

Nakubaliana nawe kuhusu mapanki, ila kuhusu redio nina shaka. Mimi sikukulia kwenye redio, nilikulia kwenye kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea filamu, kule Igoma, ambako binti hakutakiwa kuonekana na mimi nilionekana kila Jumamosi. Filamu za Kichina na za Kihindi tulizitazama zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, naye aliongeza mambo yasiyokuwemo: aliwataja watu wa mtaani, alimshauri jambazi akimbilie Buzuruga, na mpenzi wa nyota wa filamu akilia alituambia kwamba anadai hela ya kodi. Filamu hizohizo nimezitazama hapa zikiwa safi, na nimegundua kwamba nyingi ni mbovu. Kilichokuwa kizuri kilikuwa ni benchi lile na mdomo wa yule mtafsiri.

Kwa sababu hiyo nimeacha kutazama peke yangu. Majengo mengi ya kupanga hapa yana chumba cha pamoja ambacho mpangaji anaweza kukiandikisha kwa jioni moja, na mara moja kwa mwezi tunakutana watu saba au wanane, pamoja na Mkongo mmoja na Mfini aliyeoa Sengerema. Mmoja wetu hupewa kazi ya kutafsiri filamu yoyote kwa uongo wa kiasi anachotaka. Wanaokuja na watoto wameniambia kwamba Kiswahili cha watoto wao kimepata kutoka kwenye chumba kile maneno ambayo wasingependa yafike shuleni. Huenda hilo ndilo jibu la swali lako, kaka: mtoto wako hahitaji wimbo mwingine kuhusu Nyegezi, anahitaji mtu mzima anayedanganya kwa Kiswahili mbele yake.

Kuhusu chakula cha kusindikiza, sokoni hapa huuzwa samaki wadogo waitwao muikku, wanaovingirishwa kwenye unga wa shayiri nyeusi na kukaangwa kwa siagi. Siyo dagaa, lakini huliwa na miiba yake, na mkono unajua la kufanya. Dagaa wenyewe wanaruhusiwa: msafiri anayeingia Umoja wa Ulaya anaweza kubeba hadi kilo 20 za samaki waliokaushwa kwa matumizi yake mwenyewe. Nyama na maziwa haviruhusiwi, kwa hiyo samli ya shangazi iacheni. Dagaa wa Kirumba Mwaloni wafungeni mifuko mitatu, na msiwaweke pamoja na koti la kazini kama nilivyofanya mimi.

Kutoka Muscat, Oman

Sisi wa huku tumewatangulia Mwanza kwa saa moja tu, kwa hiyo mechi ya saa kumi jioni tunaitazama saa kumi na moja tukiwa tumetoka kazini, na Kiswahili tunakisikia hadi sokoni. Nasema hivi siyo kwa kujisifu. Ninayo yote hayo na bado mwezi Juni, wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma, sikai vizuri. Nyumbani kwetu ni Kisesa, jirani na Bujora, na sijaona popote shindano la ngoma kama lile, ambapo Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma, wanacheza kwa wakati mmoja kila upande na anayeshinda ni aliyevuta umati wa mwenzake. Nimetumiwa video nyingi. Video inaonyesha upande mmoja tu, na raha yote ya pale ni kusimama katikati hujui ugeuke wapi.

Kutoka Mwanza

Wapendwa, naomba nami niongeze neno, ingawa nimesharudi. Niliishi Würzburg kwa miaka kumi na minne na sasa niko nyumbani kwangu Nyasaka, ninawasoma nikitabasamu.

Kwanza niwape habari kwa heshima zote. Mji mnaousikiliza unaendelea kuwakimbia. Wengi wenu mnakumbuka foleni ya kivuko cha Kigongo kuelekea Busisi, basi limezimwa, wauzaji wanapita dirishani na mayai na samaki wa kukaanga, na dereva amefungua nyimbo za Kisukuma za akina Bhudagala kwa sauti ya kutosha magari kumi. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia alipolizindua Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, tunavuka kwa dakika chache na vioo vimefungwa. Mimi nina mgonjwa ninayempeleka Bugando kila mwezi kutoka ng'ambo, kwa hiyo daraja hilo nalishukuru kwa moyo wote na sitaki kivuko kirudi. Lakini nyimbo zile sikuwahi kuzinunua wala kuzitafuta, nilizipata pale, na tangu daraja lifunguliwe nimegundua kwamba sijazisikia kwa miezi kadhaa.

Pili ni kuungama. Ugonjwa wenu ninao kwa upande wa pili. Jumamosi jioni, saa kumi na nusu au saa kumi na moja na nusu kutegemea majira ya Ulaya, nakaa barazani na kutafuta matangazo ya mpira ya redio ya Kijerumani, yale ambayo watangazaji wa viwanja mbalimbali hukatizana kila goli linapoingia. Sina timu. Nilipokuwa huko sikuyapenda, yalikuwa yakisikika tu kutoka karakana ya baiskeli iliyokuwa chini ya dirisha langu. Jirani yangu hapa alinivumilia majuma matatu, kisha akauliza kama ni mahubiri. Na mwishoni mwa Mei, ukifika wakati wa lile tamasha la muziki wa Afrika lililoanza Würzburg mwaka 1989, mimi niliye Afrika nalikumbuka hadi naona aibu. Nilikuwa nikienda pale kuitafuta Mwanza, na sasa niko Mwanza naukumbuka ukingo wa mto Main, matope, na bia ya bei mbaya.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mabatini, ukiwa bado unapita sokoni siku za Jumamosi, nirekodie dakika kumi za kengele za makanisa na kelele za wauzaji. Usizungumze juu yake. Mimi nitakurekodia Makoroboi asubuhi machinga wanapopanga bidhaa, na nitapanda Mabatini kukutafutia redio ya jirani, ingawa siku hizi vijana wengi wana vifaa vya masikioni na mlima umetulia kuliko unavyoukumbuka.

Kutoka Würzburg, Ujerumani

Kaka mkubwa, shikamoo. Kengele utazipata Jumamosi hii. Nitasimama karibu na daraja la zamani, mahali ambapo nadhani unapakumbuka.

Dada wa Tampere, umenishinda, na chumba cha pamoja cha jengo letu nimekiulizia. Kinatumika kuhifadhi baiskeli, lakini mwenye nyumba hakukataa. Kwa kuanzia napendekeza tusikilize pamoja kwa simu kila Jumapili saa moja usiku ya Mwanza, redio ichaguliwe na aliye Mwanza, na asiyeipenda avumilie. Kwa Würzburg itakuwa saa kumi na mbili jioni kiangazi na saa kumi na moja baridi. Muscat ni saa mbili usiku mwaka mzima. Tampere kiangazi mna saa ileile ya Mwanza, ila jua lenu litakuwa bado juu, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba mtarudi nyuma kwa saa moja kama sisi. Mwanangu ameomba awe mtafsiri wa matangazo ya biashara. Nimemruhusu, isipokuwa yale ya dawa za wanaume.