Je, jengo la Groß Raden liendelee kuitwa hekalu?

Ndugu wachangiaji,

Hoja iliyo mbele yetu inahusu Groß Raden, kijiji kilicho karibu na mji wa Sternberg kaskazini mwa Ujerumani, katika eneo ambalo zamani lilikaliwa na Waslavi wa kabila la Warnower. Kati ya mwaka 1973 na 1980, mwanaakiolojia Ewald Schuldt alichimbua hapo makazi ya karne ya 9 na ya 10 yaliyokuwa kwenye rasi, pamoja na daraja la mbao lililoelekea kwenye ngome ya mviringo iliyozungushiwa tuta la udongo kisiwani. Pembeni mwa makazi hayo alikuta mabaki ya jengo la mbao lenye upana wa mita 7 na urefu wa mita 11 hivi, akaliita hekalu. Baadaye majengo yalijengwa upya palepale, na leo ni makumbusho ya wazi. Wanaopinga wanasema kwamba jina hilo lilitolewa kwa haraka, kwamba huenda ulikuwa ukumbi wa karamu wa wakubwa, na kwamba serikali ya Ujerumani Mashariki, iliyotawala eneo hilo wakati wa uchimbaji, ilikuwa na sababu zake za kisiasa za kuikuza historia ya Waslavi.

Mimi sikubali jina hilo liondolewe.

Tuangalie kwanza kilichotoka ardhini. Matope yenye maji yalizuia mbao zisioze, ndiyo maana tunajua kwamba kuta za nje zilivikwa mbao za kusimama wima ambazo ncha zake za juu zilichongwa mfano wa vichwa vya watu. Yalikutwa pia mafuvu ya farasi na ncha za mikuki. Vitu hivyo haviko pamoja kwa bahati. Thietmar, askofu wa Merseburg aliyefariki mwaka 1018, ameeleza habari za hekalu la mbao la Riedegost, ngome ya Waslavi wengine, ambalo kuta zake za nje zilipambwa kwa sanamu za miungu, na ambako makuhani walipiga ramli kwa kumpitisha farasi mtakatifu juu ya mikuki miwili iliyochomekwa chini kwa kupishana. Riedegost si Groß Raden, na watu wake walikuwa wa kabila jingine, lakini kuta zilizopambwa, farasi na mikuki vikikutana tena katika jengo moja la majirani wa karibu, anayekataa kwamba palikuwa mahali pa ibada ndiye mwenye deni la maelezo.

Hoja ya karamu ndiyo inayonishangaza zaidi. Saxo Grammaticus, mwanahistoria wa Denmark, akiandika kuhusu hekalu la Waslavi la Arkona, kwenye kisiwa cha Rügen, lililoangushwa na Wadenishi mwaka 1168, anasema kwamba baada ya mavuno watu walichinja wanyama wa sadaka mbele ya hekalu, kisha wakala na kunywa kwa jina la mungu wao. Kwa watu hao karamu ilikuwa sehemu ya ibada yenyewe, kwa hiyo kuthibitisha kwamba pale paliliwa nyama hakuwezi kulivua jengo hadhi yake. Kuhusu siasa, nia ya aliyegharamia uchimbaji haibadilishi umbo la ubao uliochimbuliwa.

Hata hivyo, katika jambo moja wapinzani wana haki kamili. Paa la asili halikubaki, hivyo namna jengo lilivyofunikwa, kama lilifunikwa, ni makisio, na mgeni anayesimama mbele ya jengo lililokamilika hawezi kutambua peke yake mpaka kati ya ushahidi na makisio. Napendekeza mpaka huo uonyeshwe wazi kwenye ukuta wenyewe, si kwenye kijitabu kinachouzwa mlangoni, na jina libaki lilivyo.

Basi, anayetaka jina liondolewe atueleze mbao zenye vichwa zilikuwa na kazi gani katika ukumbi wa kawaida, na atutajie ukumbi wa Waslavi wa kaskazini-magharibi, usiohusishwa na ibada kabisa, uliopambwa vivyo hivyo.