Hivi kumlinda kigong'ota kwa kuchoma msitu imekaaje hii?

Bundi wa Mchana:
Wakuu habari zenu. Kuna huyu kigong'ota mdogo wa kwenye mipaini kusini mashariki mwa Marekani, Dryobates borealis, nimemsoma wee lakini kuna mambo hayaniingii akilini. Wanaomlinda ndio haohao wanaochoma msitu wake makusudi kila baada ya miaka miwili mitatu, sasa ndege wa msituni unamsaidiaje kwa kiberiti?? Halafu nimeona picha za watu wako juu ya ngazi na msumeno wa mashine wanamkatia tundu kwenye mti na kumpachikia sanduku, yaani ndege ambaye kazi yake ni kutoboa miti leo anatobolewa na binadamu. Na 2024 wakamshusha daraja kutoka "hatarini kutoweka" kwenda "anatishiwa". Amepona kweli au siasa tu? Mwenye kujua aniweke sawa.

Moshi Mweupe:
Nianze na moto maana hapo ndipo wengi wanapotea. Mpaini anaoupenda zaidi huyo ndege ni ule wa sindano ndefu, Pinus palustris, na ule mti umezaliwa na moto. Mche wake miaka ya mwanzo unafanana na kishungi cha nyasi tu, haurefuki, unajenga mzizi chini, moto wa ardhini ukipita unaunguza sindano za nje kichipukizi katikati kinabaki salama, halafu mzizi ukishashiba mti unafyatuka kwenda juu haraka. Ukikomaa una gome nene, moto mdogo unapita miguuni wala haujali.

Zamani radi zilikuwa zinawasha, na wenyeji asilia nao walikuwa wanachoma. Karne ya 20 ikaja sera ya kuzima kila moto, basi mialoni na miti mingine ya majani mapana ikaota chini ya mipaini mpaka ikafikia usawa wa matundu, na huyu ndege akiona hivyo anahama. Yeye anataka msitu mweupe, miti mikubwa iliyoachana na nyasi chini. Hizo nyasi zenyewe zinahusika na chakula chake, wadudu na sisimizi wanaopanda kwenye magome.

Na sio kwamba wanawasha wakaondoka. Wanaangalia upepo, unyevu, na wanafyeka na kukwangua kuzunguka kila mti wenye tundu, kwa sababu ile miti imepakaa utomvu kuanzia juu, ikishika moto inawaka balaa.

Mama Pilipili:
@Moshi Mweupe umeruka ukubwa wa hasara. Hiyo misitu ilikuwa kama hekta milioni 36, kutoka Virginia mpaka Texas, na kufika miaka ya 1990 imebaki kama asilimia 3 tu. Walikamua utomvu, wakakata mbao, wakalima, na palipopandwa upya wakaweka mipaini ya aina nyingine inayokua haraka. Mtu akiona kijani anasema msitu upo, kumbe miti ni michanga yote na imebanana, kigong'ota hana cha kufanya pale.

Fundi Tundu:
Mkuu Bundi hilo la sanduku nalijibu mimi.

Vigong'ota wengine wengi wanatoboa mti uliokufa, laini, wiki chache kazi imeisha. Huyu anatoboa mpaini ulio HAI. Akigusa mbao ya nje utomvu unamwagika, kwa hiyo kazi inaweza kumchukua mwaka, mingine miaka kadhaa kabisa, na anatafuta mti mzee, miaka 60, 80 na kuendelea, ambao kiini chake ni kinene na mara nyingi kimeshalainishwa na kuvu. Tundu likiwa tayari anadonoadonoa vishimo vidogo pembeni ili utomvu uendelee kuchuruzika kwenye gome, nyoka anayepanda kutafuta makinda akikutana nao anashindwa. Kila ndege kwenye familia analala kwenye tundu lake. Sasa piga hesabu, miti mizee imekwisha, tundu moja ni kazi ya miaka, akipoteza matundu anaanzia wapi?

Ndicho kilichotokea Septemba 1989, kimbunga Hugo kilipiga msitu wa Francis Marion, South Carolina. Asilimia 87 ya miti yenye matundu ikaangushwa na asilimia 63 ya ndege wakafa kwa usiku mmoja. Waliobaki hawakuwa na pa kulala. Wataalamu ndio wakaanza kuchimba matundu kwa drili na kupachika masanduku ya mbao ndani ya shina, na ndege wakayakubali! Bila hiyo mbinu leo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Ila fundi awe makini, utomvu ukivuja ndani ya sanduku unaweza kumnasa ndege akafa. Na mlangoni wanaweka kibati, maana kuna kigong'ota mkubwa anapenda kulipanua hilo tundu mpaka mwenyewe hawezi kulitumia tena.

Mbishi Halali:
Sasa mimi ndo nakataa hili la "amepona". Idadi imepanda kweli, kutoka familia 1,470 hivi mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka kama 7,800, sibishi. Lakini sanduku linachakaa, moto unahitaji watu na bajeti kila mwaka, vimbunga havijaacha, Michael ya 2018 si mliiona Florida? Huyu ni mgonjwa anayeishi kwa dripu, ukichomoa tu tunarudi palepale. Wanaotaka kulegeza ulinzi wangesubiri miti izeeke kwanza.

Mama Pilipili:
Mbishi una hoja ila ulinzi mkali nao ulikuwa na mambo yake. Huko North Carolina kuna wenye mashamba walikuwa wanakata mipaini ingali michanga ili tu ndege asije akahamia, maana akishahamia sheria inakubana. 1995 serikali ikaja na mkataba kwamba mwenye shamba akitunza msitu na ndege wakaongezeka, hao wa ziada hawamwongezei mzigo. Hapo watu wakatulia. Na kambi za jeshi, Fort Bragg kwa mfano, zimekuwa makazi makubwa ya huyu ndege, mabomu na kigong'ota pamoja, hahaha. Mazoezi yenyewe yanawasha moto.

Bundi wa Mchana:
Nimeelewa sana asanteni. La mwisho, hizo familia wanazihesabuje, si ndege wote wanafanana?

Fundi Tundu:
Makinda yakiwa na siku chache tu wanayatoa tunduni, wanayavika pete za rangi miguuni, kila ndege na mpangilio wake, wanayarudisha. Kuchungulia wanatumia kamera kwenye mlingoti mrefu. Wanahesabu familia badala ya vichwa kwa sababu vijana wa kiume mara nyingi wanabaki nyumbani kusaidia wazazi kuatamia na kulisha, kwa hiyo jozi inayozaa ni moja tu hata wakiwa wanne. Majike yanaondoka mapema. Na mahali penye familia nyingi wanachukua vijana, wanawasafirisha usiku, wanawaingiza kwenye masanduku ya msitu mpya, dume mti huu jike mti wa jirani, mlangoni wavu, asubuhi wanavuta nyavu zote kwa pamoja ili watoke waonane.

Mbishi Halali:
Na wengine wanaondoka hapohapo hawaonekani tena. Andika na hilo.