Dume la Boran, ndama kama wa kienyeji: nimepigwa?

Ngosha_Meatu
Wakuu, salaam. Mwaka juzi niliuza madume manne na mitamba miwili ya kienyeji, nikaongeza hela ya pamba, nikanunua dume moja la Boran, ile mbegu ya ng'ombe wakubwa wa nyama. Mzee hakunisemesha wiki nzima.

Ndama wa kwanza alizaliwa Desemba. Nilimfunga kamba nikamning'iniza kwenye mizani ya pamba: kilo 26! Wa kienyeji hapa kwetu wanacheza kwenye 18 hadi 20. Nilitamba kijiji kizima.

Sasa ndama sita wa dume hilo wametimiza mwaka. Mizani ya pamba haiwezi tena, nimewazungushia kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, ule utepe wa bwana mifugo unaokadiria kilo. Watano wako kati ya kilo 115 na 130. Wa jirani, kienyeji mtupu, ana 110. Mmoja tu, mtoto wa ng'ombe wangu Kabula, amefika 170. Dume ni lile lile. Niliuziwa picha?

Kupe_Mwekundu
Pole mkuu. Mwambie mzee alikuwa sahihi, yaishe 😂

mama_ndama
Kabla hujalilaumu dume, jibu moja: mama zao mnawakamua?

Ngosha_Meatu
Asubuhi na jioni, kama kila mtu. Ndama anaachiwa chuchu moja. Kabula ndiye hatumkamui, ana teke la ajabu. Ameshapasua ndoo mbili.

mama_ndama
Basi umejijibu mwenyewe kaka. Mtoto wa Kabula amenyonya chuchu nne, wenzake wamenyonya moja. Umenunua damu ya ng'ombe mkubwa halafu ukainyima maziwa.

Niko upande wa Kongwa, haya nimeyaona zizini. Dume linatoa nusu ya damu, nusu nyingine ni ya mama, na juu ya hiyo nusu mama anatoa maziwa. Hata ukichukua Boran watupu, tofauti za uzito wa ndama wa umri huo zinatokana na damu kwa sehemu ndogo tu. Kinachobaki ni kiwele, nyasi, kupe, minyoo na mwezi aliozaliwa. Kwa hiyo usimpime wa Desemba aliyekuta majani mabichi ukamlinganisha na wa Juni aliyeanza kula mabua. Linganisha waliozaliwa msimu mmoja, wakachungwa pamoja, ndipo utajua dume lina nini.

Ngosha_Meatu
Hao watano nikiwalisha sasa, watamfikia?

mama_ndama
Watasogea. Aliyekondeshwa na kiangazi akikutana na nyasi mpya huwa anakimbia kuliko aliyeshiba muda wote, anafidia. Ila njaa ya miezi ya kwanza hairudi yote. Kwenu mna ngitili, yale malisho mnayoyafunga yasubiri kiangazi, sivyo? Wafungulie hao kwanza Agosti, wakubwa wasubiri. Na mashudu ya pamba yako mlangoni kwenu, sisi huku tunayasafirisha! Wape dawa ya minyoo kabla, usije ukalisha minyoo.

Babu_Josho
Naongezea. Msishabikie ukubwa tu. Mwili mkubwa unakula sana, na mwaka wa ukame ndio unaoanza kulala chini. Pale Mpwapwa walichanganya Sindhi na Sahiwal kutoka upande wa India na Pakistani, zebu wetu wa kienyeji, Boran na damu kidogo ya Ulaya, wapate ng'ombe wa maziwa na nyama anayestahimili ukavu wa Dodoma. Hawakuchukua mkubwa tu wakamwachia jua.

Jambo la pili, Ngosha: mitamba uliyozalisha ikianza kupandwa, dume hilo liondoke. Likipanda binti zake utapata ndama wadogo, halafu utarudi humu kuuliza tena kama umepigwa.

Ngosha_Meatu
Asanteni. Mzee simwambii kitu kwanza.

Tatizo maziwa ya jioni ni ya mama watoto, ndiyo yanayonunua sabuni na daftari, siwezi kuyakata kwa amri. Nimeongea naye jana. Kakubali ndama wapya wakizaliwa tuache kukamua jioni miezi mitatu ya mwanzo, kwa sharti moja: siku dume likiuzwa, hela anahesabu yeye.