Nina akaunti ya wasioona yenye wafuasi 9,000, nataka kuikabidhi. Nishaurini

Fimbo_Nyeupe: Wakuu, siku ya tatu sipati usingizi, nimeona nilete hapa. Mwaka wa sita huu naendesha akaunti ya sisi tusioona kwenye mtandao mmoja mkubwa (sitautaja). Watu huuliza habari za fimbo, simu zinazosoma kwa sauti, namna ya kumwambia bosi kwamba macho yanafifia. Ilikuwa raha. Sasa programu niliyokuwa nikiingilia imekatwa, na kwenye ile rasmi kisoma skrini kinanisomea "kitufe, kitufe, kitufe", cha nini hakisemi. Chapisho lililokuwa likifika kwa watu elfu nne, leo mia mbili. Matusi ndiyo yanafika yote. Nataka kumkabidhi mtu nipumzike. Swali ni moja tu: wenzangu niwahamishie wapi?

Mzee_wa_Busara: Mwanangu, mimi mitandao yote nilifunga, nikarudi kwenye redio. Presha imeshuka. Mwombe Mungu, soma vitabu.

Bando_Limeisha: Asiyeona anaambiwa asome vitabu 😂

Mzee_wa_Busara: Breli ipo, we mtoto.

Kiziwi_Msemaji: Nakuelewa, mimi ni kiziwi. Mwaka 2020 Twitter walileta machapisho ya sauti bila maandishi. Watu wanacheka, mimi nimeduwaa. Maandishi yakaja 2021. Kisha Novemba 2022, Elon Musk akiwa ndiyo kwanza kaununua, timu nzima iliyoshughulikia mahitaji yetu ikaachishwa kazi. Januari 2023 wakazifungia programu za nje (zilizotengenezwa na wengine za kuingilia Twitter), Twitterrific ikiwemo, na wasioona wengi walikuwa humo. Jibu la swali lako sina, nimetoa tu dukuduku.

Binti_Kiranga: Na msidhani kupotea kwetu ni bahati mbaya siku zote. 2019 TikTok walikiri kwamba wasimamizi wao waliwahi kuelekezwa kubana video za watu wenye ulemavu zisifike mbali, eti kuwakinga na uonevu. Yaani mtoto anapigwa na wenzake, unamfungia ndani yeye! X (ndiyo hiyo Twitter ya zamani) nao, tangu Novemba 2024, uliyemzuia anaendelea kusoma machapisho yako ya wazi. Haya, Fimbo, umesema unamkabidhi "mtu". Mtu gani?

Fimbo_Nyeupe: Mtu mwenye nia njema. Tusitoke kwenye mada, dada.

Binti_Kiranga: Mada ndiyo hiyo. Nani?

Fimbo_Nyeupe: Haya. Ni mfanyabiashara, anauza vifaa vya wasioona. Ananunua akaunti, na kianzio nimeshapokea. Kabla hamjanirukia: miaka sita nimejibu watu usiku wa manane, nani alinilipa hata senti? Na vitu vyake vinatufaa. Sijauza kwa tapeli.

Nukta_Sita: Inboksi je? Mimi sioni, na akaunti kama yako nimeziandikia sana. Humo watu wametaja ugonjwa wao, wanaishi na nani, pesa zao anawashikia nani. Hayo nayo yameuzwa?

Fimbo_Nyeupe: Habari za inboksi hajauliza.

Bando_Limeisha: Ngojeni kwanza wakuu. Huyu kaandika "nimeona nilete hapa". Asiyeona kaonaje? Halafu uzi mzima hakuna hata kosa moja la herufi. Hii chai.

Mzee_wa_Busara: Hata mimi nilishtuka. Alete ushahidi.

Nukta_Sita: Ushahidi upi, mzee, apige picha macho? Mimi sijaona tangu kuzaliwa na jana usiku "nimetazama" tamthilia. iPhone ina kisoma skrini chake, VoiceOver, tangu 2009. NVDA, kisoma skrini cha kompyuta, ni ya bure, ipo tangu 2006. Kila herufi inatajwa sikioni, nikikosea najua papo hapo, wewe je? Kila tunapofungua mdomo lazima atokee wa kutupima kama kweli hatuoni. Ndiyo maana mtu akifunga kona yetu moja inatuuma.

Bando_Limeisha: Samahani mkuu. Ila kwa huyu bado nanusa chai.

Nukta_Sita: Nusa tu. Fimbo, uliuliza pa kuhamia. Wapo walioenda mtandao wa Mastodon, wengi kule hukumbushana kuandika maelezo ya picha. Ila usiweke watu wote mahali pamoja tena. Reddit walipotangaza kutoza programu za nje, 2023, programu ya Apollo ikafungwa, na wasioona wa r/Blind, ukumbi wao humo Reddit, waliandamana kwa kuufunga. Programu chache za wasioona zisizo za biashara zikasamehewa, tena baada ya kelele. Kusanya barua pepe za watu wako, anayeridhia. Hizo hakuna wa kukukatia.

Kiziwi_Msemaji: Na zisiwe kwenye kompyuta ya huyo mfanyabiashara 😅

Fimbo_Nyeupe: Nimerudi. Nimemwambia nafuta inboksi yote kwanza, ndipo nimpe nywila. Kajibu bila inboksi haitaki, humo ndimo walimo wateja, bei aliipanga kwa hiyo.

Binti_Kiranga: Mrudishie hela zake leo.

Fimbo_Nyeupe: Nusu nimeshazitumia.