Mrejesho: Kiwanja cha ndege katika picha ya zamani kimetambuliwa

Ndugu zangu, nawashukuru wote mlionijibu nilipoomba msaada wa kutambua viwanja viwili vya ndege katika picha za angani zilizopigwa Uingereza miaka ya 1940.

Ushauri uliozaa matunda ni ule wa kuanza na vivuli. Adhuhuri huko vivuli huelekea kaskazini, hivyo niliigeuza picha ya kwanza mpaka vivuli vya mahanga (majengo ya kuhifadhia ndege) vikatazama juu, kisha nikalinganisha njia tatu za kurukia zinazokatana, pamoja na barabara inayozizunguka, na picha za setilaiti za Norfolk, jimbo la mashariki mwa Uingereza. Ni Attlebridge, kituo cha ndege za Marekani za kudondosha mabomu aina ya B-24 kuanzia mwaka 1944; leo juu ya zege lake kuna mabanda marefu ya bata mzinga, na ni hayo hasa yaliyonionyesha njia zilipopita.

Kupima urefu wa njia hakukunifaa sana, kwa kuwa viwanja vingi vya ndege vya wakati wa Vita Kuu ya Pili vilijengwa kwa kipimo kimoja, njia kuu ikiwa takriban mita 1,830.

Picha ya pili imenishinda. Kiwanja chake ni cha nyasi tupu, bila zege la kulinganisha, kwa hiyo mwenye ramani za wakati ule atanisaidia kuliko setilaiti.